MARATHONI YA KWANZA: KUJIANDAA, KUKIMBIA NA KURUDI NYUMBANI



Ukisimama kando ya barabara ya Bagamoyo hapa Bunju siku ya Jumapili, kabla jua halijatoka, utaona watu wanakimbia. Wamo vijana, na wamo watu wazima wenye wajukuu. Wengine wamevaa raba nzuri, wengine za kuazima. Zamani mtu angeuliza, "Kuna nini? Nani anafukuzwa?" Siku hizi haulizi mtu. Inajulikana kuwa ni watu wa mchakamchaka, na kwamba baadhi yao wamejiandikisha kukimbia marathoni.

Wapo pia wenzetu wa madarasa ya kisomo ambao walitujia na fomu za mbio mkononi. Fomu walizisoma wenyewe, na jambo hilo lilitufurahisha sana. Tukawauliza, "Je, mmejiandaaje?" Wengi walijibu habari za siku ile moja tu: nitavaa nini, nitapanda basi gani, nani ataniangalizia watoto. Tukauliza tena, "Na baada ya mbio, mpango wenu ni upi?" Wakacheka. Mama mmoja akasema, "Baada ya mbio si nitalala!"

Jibu lake si baya. Kulala ni sehemu ya mpango. Lakini hakutoshi, na ndiyo sababu tumeandika makala haya. Tumeona watu wenye nguvu za kutosha wakishindwa marathoni yao ya kwanza, au wakiimaliza kisha wakaugulia ndani kwa wiki tatu. Kilichowashinda ni haraka. Walifanya haraka kujiandaa, haraka kuanza siku ya mbio, na haraka kurudia mbio nyingine.

MARATHONI NI NDEFU KIASI GANI?

Marathoni ni kilometa 42 na meta 195. Namba hiyo ukiisoma karatasini haitishi. Basi tuipime kwa njia tunayoijua. Kutoka Bunju mpaka Posta, mjini Dar es Salaam, ni takriban kilometa 30. Mtu atoke hapa kwa miguu, apite Boko, Tegeta, Mbezi na Mwenge mpaka Posta. Asipumzike. Ageuze, arudi tena mpaka Mwenge. Hapo ndipo atakuwa anakaribia kumaliza.

Jina hilo limetoka Ugiriki, nchi ya Ulaya, ambako kuna mahali panapoitwa Marathon. Mbio hizi zilikimbiwa katika michezo ya Olimpiki ya kwanza ya siku hizi, mjini Athens, mwaka 1896. Wakati ule urefu wake ulikuwa kama kilometa 40 tu. Zile kilometa mbili na ushei ziliongezwa mjini London mwaka 1908, na tangu mwaka 1921 urefu ni huo huo dunia nzima.

Hapa kwetu mbio zinazojulikana zaidi ni Kilimanjaro Marathon za mjini Moshi. Zilianza mwaka 2003, na hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Zipo mbio za kilometa 42, na zipo za kilometa 21, yaani nusu marathoni, na za kilometa 5. Tunasema wazi: kama hujawahi kukimbia hata kilometa 10 bila kusimama, mwaka huu jaza fomu ya kilometa 5 au ya 21. Hiyo ya 42 haikimbii mahali. Itakungoja mwaka ujao.

MWENZETU ALIYEKUWA WA MWISHO

Watanzania wengi wamesikia habari za John Stephen Akhwari, mkimbiaji kutoka Mbulu. Mwaka 1968 alikwenda Mexico City katika michezo ya Olimpiki. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Njiani Akhwari alianguka, akaumia goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 ndio waliomaliza, na yeye alikuwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla yake. Giza lilikuwa limekwisha ingia Akhwari alipofika uwanjani akichechemea. Dunia ikamjua kwa sababu hakuacha.

Habari hii husimuliwa sana, na inafaa isimuliwe. Ila tunaomba isisomwe vibaya. Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari aliyefanya mazoezi miaka mingi, naye alikuwa akiiwakilisha nchi nzima. Wewe na sisi hatujatumwa na nchi. Goti likivimba kilometa ya 20, toka barabarani, ukae kivulini, uwaite watu wa huduma ya kwanza. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, goti ni lako.

Kuna jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Baada ya Mexico Akhwari hakukaa akaishi kwa sifa ya kuwa wa mwisho. Alitibiwa, akapona, akarudi kwenye mazoezi. Mwaka 1970 alikimbia marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Uskoti. Akawa wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Kati ya kule kuchechemea na nafasi ile ya tano ilipita miaka karibu miwili.

MIEZI MITANO SI MINGI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtu anayeweza kukimbia kilometa 5 polepole bila kusimama anahitaji miezi mitano hivi ili awe tayari kwa kilometa 42. Asiyeweza hizo 5 aanze kwanza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu: dakika mbili anakimbia, dakika mbili anatembea, mpaka azoee.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Sababu iko mwilini. Moyo na mapafu huzoea mbio upesi. Misuli nayo haichelewi sana. Lakini mifupa, na zile kano zinazoshika misuli kwenye mifupa, huzoea polepole mno. Kwa hiyo ikifika wiki ya sita mtu hujisikia mwepesi, hahemi tena, akasema, "Kumbe naweza!" Akaongeza kilometa nyingi kwa mkupuo. Wiki ya nane utamwona anachechemea, na maumivu yako kwenye muundi au kisigino. Pumzi zilikuwa tayari, mifupa haikuwa tayari.

Kimbia siku nne kwa wiki. Siku tatu ziwe za mbio fupi, dakika 30 hadi 50. Siku moja, mara nyingi Jumapili, iwe ya mbio ndefu. Hiyo ndefu ndiyo hukuandaa. Anza na kilometa 8, wiki inayofuata 10, halafu 12. Wiki ya nne rudi chini, ukimbie 9 au 10, mwili upumue. Kisha panda tena. Endelea hivyo, wiki tatu kupanda na moja kushuka, mpaka ufikie kilometa 28 au 30. Huna haja ya kukimbia zote 42 katika mazoezi. Ukizikimbia, utachoka bure na mbio zenyewe hazijafika.

Mwendo uwe wa kuongea. Maana yake ni kwamba uweze kumwambia mwenzako maneno mengi kwa pumzi moja, kwa mfano habari ya bei ya mchele au ya mkutano wa mtaa, bila kukatikakatika. Ukiona huwezi, umekwenda kasi mno. Kwa mbio za kwanza mwendo huo unatosha.

Sasa kuna jambo la wakulima. Vitabu vingi vya mbio vimeandikwa na watu wanaokaa ofisini. Vinasema, "Jumatatu pumzika." Lakini Jumatatu yako wewe labda ni siku ya kupalilia, au ya kuchota maji ndoo kumi, au ya kupasua kokoto. Siku ya namna hiyo usiihesabu kuwa ya mapumziko. Miguu haijui kama imechoka kwa jembe au kwa mbio. Mtu anayejiandaa kwa mbio za Februari atakuta mvua za vuli katikati ya mazoezi, na shamba halingoji. Wiki ya kulima sana punguza mbio. Usione haya.

Halafu kuna joto letu la pwani. Kuanzia Desemba mpaka Machi jua la Dar es Salaam ni kali, na hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki. Toka saa 11 alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa 2. Barabara kuu ina malori na mabasi yanayowahi. Kimbia upande ambao magari yanakuja mbele yako, uyaone, na uvae nguo nyeupe au ya kung'aa. Ukipata njia za udongo za kuelekea Mabwepande, ni nzuri zaidi kwa magoti, lakini nenda na wenzako, hasa akina mama. Kama mfungo wa Ramadhani umeangukia miezi ya mazoezi, mbio ndefu zisifanywe mchana na kinywa kimefungwa. Kimbia kidogo baada ya futari, na tarehe ya mbio ichaguliwe kwa kuangalia kalenda mapema.

Nunua daftari. Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Kila siku andika tarehe, kilometa au dakika ulizokimbia, na maneno mawili: umejisikiaje. Baada ya wiki sita fungua nyuma usome. Utaona mwenyewe ni siku zipi goti liliuma na ulifanya nini jana yake. Mwalimu wa mbio hawezi kukwambia zaidi ya hapo.

Kabla ya yote hayo, pita zahanati. Wapimwe hasa wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, na yeyote aliyewahi kubanwa na kifua. Mama mjamzito aongee na muuguzi kwanza. Mwenye homa asikimbie kabisa, hata kama ni wiki ya mbio na nauli imekwisha lipwa. Homa na mbio ndefu pamoja huweza kuudhuru moyo.

RABA, NGOZI NA CHAKULA

Raba za mitumba zinafaa, mradi soli haijalika upande mmoja na haijakauka. Zijaribu jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Zikimbilie wiki nyingi kabla ya siku ya mbio. Mmoja wetu alinunua mpya za kupendeza siku tatu kabla ya mbio zake za kwanza. Alimaliza, ndiyo, lakini kucha mbili zilibaki ndani ya soksi.

Paka mafuta ya mgando mapajani, makwapani na katikati ya vidole vya miguu. Wanaume wapake na kwenye chuchu. Usicheke. Fulana iliyolowa jasho kwa saa tano ni kama msasa.

Kuhusu chakula, watu wamedanganywa mengi. Huhitaji chakula cha dukani chenye picha ya mtu mwenye misuli. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na katika misuli, na akiba hiyo hutoka kwenye vyakula vya wanga: ugali, wali, mihogo, viazi vitamu, ndizi. Akiba hiyo haitoshi kilometa 42. Kwa watu wengi hukaribia kwisha kilometa ya 30 hivi. Hapo miguu huwa kama pikipiki iliyoishiwa mafuta: ulikuwa unakwenda vizuri, mara unazima. Wakimbiaji wageni hudhani wamerogwa.

Dawa yake ni mbili. Siku mbili kabla ya mbio ongeza wanga kidogo na punguza mbio, ghala lijae. Na siku ya mbio kula kidogo kidogo njiani kabla njaa haijaja: tende mbili, au nusu ndizi, au glukosi kidogo, kila baada ya dakika 40 hivi. Lifanyie jambo hilo mazoezi siku za Jumapili, tumbo lizoee. Usiku wa kuamkia mbio si wa kuonja pilau la harusi wala maharage mengi. Kula ulichozoea.

MAJI: KUZIDISHA NI HATARI PIA

Sote tulifundishwa kwamba maji ni uhai. Ni kweli. Anayekimbia juani asipokunywa huweza kuanguka. Lakini wengi hawajui kwamba mkimbiaji huweza kuanguka kwa sababu ya kunywa maji mengi kupita kiasi. Maji mengi huzimua chumvi iliyo katika damu. Kichwa huuma, mtu hutapika, huchanganyikiwa, na akizidiwa huweza kupoteza fahamu au kufa.

Hili limepimwa. Katika marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. Katika kila 100, kama 13 walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa mpaka uzito wa mwili ukaongezeka, na waliokimbia polepole kwa muda mrefu. Sasa fikiri: nani hukimbia polepole kwa muda mrefu? Ni sisi wa mara ya kwanza. Tuna muda wa kusimama kila meza na kumaliza chupa nzima kwa woga.

Basi kunywa kwa kiu. Ukisikia kiu, kunywa mafunda machache. Usiposikia, pita. Kama mbio zitachukua zaidi ya saa tatu, kati ya maji na maji tia kitu chenye chumvi. Kinywaji cha nyumbani hutengenezwa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa kijiko, si kwa kiganja. Chumvi ikizidi, kinywaji hicho kitakudhuru.

Na tafadhali, usimeze vidonge vya maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki asubuhi ya mbio ili usisikie uchungu. Figo zinafanya kazi ngumu siku hiyo, na vidonge hivyo huziongezea mzigo. Tena uchungu ndio unaokwambia usimame.

SIKU YENYEWE

Wiki tatu za mwisho mbio ndefu hupungua: kilometa 20, halafu 12, halafu kidogo tu. Utajisikia mvivu, utadhani umesahau kukimbia. Usijaribu kufidia.

Amka mapema, kula saa mbili au tatu kabla ya kuanza: uji, mkate, muhogo wa kuchemsha. Ipo namba utakayobandika kifuani. Igeuze, na kwa nyuma uandike jina lako, simu ya mtu wa nyumbani, na ugonjwa ulio nao au dawa unayotumia. Mtu akianguka ugenini akiwa hajitambui, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea. Tumewahi kuona namba nyingi zikirudi nyumbani na nyuma yake ni nyeupe kabisa, na wenyewe wanajua kuandika.

Simama nyuma, usisimame mbele na wenye mbio zao. Mlio wa kuanza ukilia, watu watakupita kama maji. Waache. Kilometa 10 za kwanza uziende polepole kuliko unavyotaka. Kwenye kila meza ya maji tembea hatua hamsini, unywe kama una kiu, uanze tena. Kule Moshi nusu ya kwanza si ngumu sana, lakini baadaye njia hupanda kuelekea Mweka, mlimani. Aliyetumia nguvu zake chini hana cha kupandia. Sisi wa Bunju tumezoea usawa wa bahari, kwa hiyo katika mazoezi tutafute vilima, kama vile upande wa Wazo au Goba. Mlima usipokimbilika, utembee. Mteremko nao uushuke kwa hatua fupi, maana ndio unaochana misuli ya mapaja.

Kizunguzungu, kifua kubana, baridi kali juani, au kutojua uko wapi: hizo ni dalili za kusimama pale pale. Uchovu tu wa kilometa ya 33 si ugonjwa. Kula tende, tembea kidogo, endelea.

BAADA YA MSTARI

Umefika. Umevishwa medali. Sasa hamu yako ni kujitupa chini kwenye majani. Usijitupe. Tembea polepole dakika 10 hadi 15. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni na mtu huweza kuzimia. Vaa nguo kavu. Kunywa taratibu, na kabla saa moja haijapita kula chakula chenye wanga na kitu cha kujenga mwili, kama vile wali na maharage, au chapati na maziwa. Dafu ni zuri, ila lisindikize na kitu cha chumvi.

Yule mwenzetu wa kucha mbili alifanya kosa jingine. Alimaliza mbio Moshi saa 6 mchana, na alasiri ile ile akapanda basi. Akakaa kitini mpaka usiku. Basi lilipopita njia ya Msata na Bagamoyo na kufika Bunju, hakuweza kushuka ngazi. Kondakta na abiria wawili walimbeba kama gunia. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu baada ya mbio ni hatari, kwa sababu damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Lala Moshi usiku ule, kama mfuko unaruhusu. Ukipiga hesabu ya nauli, piga na ya malazi, tangu mwanzo. Kama ni lazima usafiri, shuka kila basi linaposimama, utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi zikawa za shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko ya kwanza. Ngazi utazishuka kinyumenyume. Kuchuchumaa chooni utashika ukuta. Hayo ni ya kawaida, yataisha. Lisilo la kawaida ni mkojo wenye rangi ya kahawa. Hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjika sana na takataka zake zinaziba figo. Usingoje kesho.

Kabla hujaondoka nyumbani patana na familia. Nani atalima, nani atachota maji, nani atakwenda gengeni siku nne baada ya mbio? Hili huwasumbua zaidi akina mama. Baba akirudi na medali huwekewa kiti na kumwagiwa maji ya moto. Mama akirudi na medali hukuta vyombo vya tangu jana. Tumelisema hili katika darasa la kisomo, na akina baba wakatazama chini. Mpango uandikwe katika lile daftari, na kila mmoja atie sahihi.

Wiki ya kwanza usikimbie hata kidogo. Tembea. Wiki ya pili, kama miguu haiumi, kimbia dakika 20 mara mbili au tatu. Wiki ya tatu na ya nne ongeza kidogo kidogo. Kwa nje utajiona umepona, lakini misuli na kano hukawia kupona kuliko mtu anavyodhani.

Kuna na huzuni. Watu hawaisemi. Miezi mitano ulikuwa na kitu cha kukuamsha alfajiri, sasa hakipo. Ni kama nyumba siku ya pili baada ya harusi: turubai limeshushwa, viti vimerudishwa, wageni wameondoka. Wengi huitibu huzuni hiyo kwa kujaza fomu ya mbio nyingine za mwezi ujao. Hapo ndipo wanapoumia.

Waangalie waliobobea. Juma Ikangaa alikuwa wa pili kule Boston mwaka 1988, wa pili tena Aprili 1989, na wa pili mara ya tatu mwaka 1990. Lakini ile ya Aprili 1989 hakukimbilia kulipiza mwezi uliofuata. Alirudi barabarani New York mwezi Novemba mwaka ule ule, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Alphonce Simbu alikuwa wa pili Boston tarehe 21 Aprili 2025. Kisha tarehe 15 Septemba akashinda ubingwa wa dunia mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kukimbia, wana madaktari na walimu, na bado waliacha miezi mitano au sita kati ya marathoni moja na nyingine.

Sisi wenye mashamba na magenge tuache zaidi. Wiki ya tano rudi kwenye mchakamchaka wa Jumapili, ukimbie kilometa 5 pamoja na wale wanaoanza, uwaonyeshe namna ya kupaka mafuta na kushika tende. Fomu ya mbio za mwezi ujao, hata ukiletewa mlangoni na kuambiwa ni bure, iache mezani.